Karavani ya Kwanza Iliyotumika kwa Bajeti ya Familia: Namna ya Kuichagua na Kuikagua

Karavani ni trela lenye nyumba ndani yake: vitanda, meza, jiko, friji, sinki, na mara nyingi choo na bafu dogo, vyote vikivutwa nyuma ya gari la familia. Kwa kuwa haina injini, wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hudhani ni kitu chepesi kukagua. Huingia ndani, wakapapasa mito, wakafungua makabati, watoto wakapanda vitandani, na bei ikakubaliwa kabla ya mtu yeyote kuinama kutazama chini. Mwongozo huu unashauri kinyume chake. Vitu vinavyovutia macho, yaani friji, jiko, mapazia na magodoro, vinabadilishika. Ganda lenyewe, yaani paa, kuta, sakafu na chesisi, likishaoza au kuliwa na kutu hugharimu zaidi kulitengeneza kuliko thamani ya karavani nzima. Mwenye bajeti ndogo ananunua ganda kwanza, na hayo mengine huyahesabu kama sababu za kupunguza au kuongeza bei.

Nasema hivyo kwa kosa langu mwenyewe. Karavani yetu ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya nyeupe ndani, na kwenye kona ya juu ya kitanda cha watoto muuzaji alikuwa amebandika picha ya maua ndani ya fremu nyembamba. Hatukuiondoa. Baada ya mvua ya pili picha ile ilianza kuvimba kwa chini, na nilipoibandua, kidole changu kilizama ndani ya plaiwudi hadi kwenye kifundo bila kutumia nguvu yoyote. Ilikuwa nyeusi na laini kama sponji iliyolowa. Tangu siku hiyo, picha ikiwa ukutani mwa karavani inayouzwa, mimi huiondoa kwanza na salamu hufuata baadaye.

Anza na gari ulilo nalo

Kabla ya kutazama tangazo lolote, fungua kitabu cha gari lako utafute uwezo wake wa kuvuta trela lenye breki. Familia inayoipenda karavani kwanza na kulikumbuka gari baadaye hujikuta ikitafuta gari la pili, na hapo bajeti imeshavunjika.

Karavani ina namba mbili za uzito ambazo wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Ya kwanza ni uzito mtupu, yaani uzito wake ilipotoka kiwandani bila maji, bila mizigo, na mara nyingine hata bila betri na mitungi ya gesi. Ya pili ni uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao umeandikwa kwenye bamba lililopigwa ribiti karibu na mlango au kwenye chesisi. Tangazo hupenda kutaja namba ya kwanza kwa sababu ni ndogo, lakini ya kulinganisha na gari lako ni ya pili, kwa kuwa familia ikishapakia vitu vyake karavani huikaribia haraka kuliko mtu anavyotarajia.

Chukua mfano wa karavani yenye uzito mtupu wa kilo 1,200 na uzito wa juu wa kilo 1,500. Zimebaki kilo 300 za mizigo, na kwa masikio zinasikika nyingi. Tangi la lita 80 likijazwa maji ni kilo 80, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Betri ya risasi na asidi ya ukubwa wa kawaida ina kilo 25 hadi 30. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 11 kila mmoja, ukijumlisha na chuma chake, huzidi kilo 40. Familia ya watu watano imebakiwa na kilo 150 hivi, yaani 30 kwa kila mmoja, na humo mnapaswa kuingia matandiko, vyombo, chakula, viti vya kukunja, nguo na baiskeli za watoto. Ndiyo maana wenye uzoefu husafiri na tangi la maji likiwa karibu tupu na kulijaza wanakofikia.

Hata namba ya kitabuni isichukuliwe yote. Mimi huweka kikomo kwenye asilimia 80 ya uwezo wa gari, kwa sababu namba ya kiwanda haijui milima utakayopanda, upepo wa ubavuni, wala joto la sanduku la gia. Kumbuka pia kwamba abiria na mizigo iliyomo ndani ya gari hula sehemu ya uwezo huo, kwani magari mengi yana kikomo cha uzito wa jumla wa gari na trela kwa pamoja. Katika nchi nyingi leseni ya udereva nayo ina kikomo cha uzito wa trela. Jambo hilo huulizwa mapema, maana bima inaweza kukataa kumlipa dereva aliyevuta uzito ambao leseni yake haimruhusu.

Uzito wa pua (ncha ya mbele ya karavani inayofungwa kwenye gari), yaani ule unaokandamiza sehemu ya gari inayoshikilia trela, haupewi nafasi katika matangazo, lakini ndio unaoamua kama safari itakuwa tulivu. Ukiwa mdogo mno, karavani huanza kuyumba nyuma ya gari kama mkia, na mwendo ukiongezeka kuyumba huko huweza kuligeuza gari lenyewe. Ukizidi, nyuma ya gari huinama, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na taa humulika macho ya wanaokuja. Kwa matrela ya Marekani kiwango cha kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa. Magari mengi ya Ulaya yana kikomo cha chini zaidi, mara nyingi kati ya kilo 75 na 100, na kikomo cha gari ndicho kinachofuatwa. Karavani ndogo inaweza kupimwa kwa mizani ya bafuni na kipande cha mbao kilichosimamishwa chini ya pua yake, nayo ikiwa imesimama sehemu tambarare na magurudumu yake yamewekewa vizuizi.

Gawa fedha kabla ya kuona chochote

Ukiwa na fungu la fedha, lisiwe lote ni bei ya karavani. Mimi hulikata mafungu kumi: saba ya kununulia, matatu ya kuifanya itembee kwa usalama. Mafungu hayo matatu huonekana mengi hadi utakapoorodhesha tairi mpya, grisi na beringi za magurudumu, betri, gundi ya kuziba maungio ya paa, ndoano ya kuvutia na waya zake kwenye gari, kidhibiti cha breki ikiwa karavani ina breki za umeme, usajili, bima na mahali pa kuiegesha. Gharama ya kuegesha husahaulika kuliko zote. Kama nyumbani hapana nafasi, kodi ya maegesho ya mwaka mzima huwa gharama isiyokwisha, na karavani iliyoachwa nje bila kifuniko huzeeka upesi.

Wakopeshaji wengi hawapendi kutoa mkopo kwa karavani kuukuu, au hutoza riba kubwa zaidi, kwa hiyo wanunuzi wa kundi hili mara nyingi hulipa taslimu. Hilo lina faida yake. Karavani mpya hupoteza sehemu kubwa ya thamani katika miaka yake michache ya kwanza, na hasara hiyo ameshaibeba mwenzako. Iliyofikisha miaka mitano hadi kumi na miwili, ikiwa imetunzwa chini ya paa, huwa ndiyo inayomfaa mnunuzi wa aina hii. Ya miaka ishirini nayo yaweza kuwa nzima kabisa, kwa kuwa umri si hoja kubwa kama maji. Msimu wa likizo unapokwisha, wenye karavani wasiotaka kuitunza miezi yote ya kukaa bure huwa wepesi wa kushusha bei.

Kama kuna uwezekano wa kukodi moja kwa siku mbili kabla ya kununua, fedha hiyo haitapotea. Usiku mmoja hukuonyesha kama familia yenu inaweza kuishi ndani ya mita kumi za mraba bila kukosana.

Aina na mpangilio

Karavani ya kukunja, yenye kuta za turubai, ni nyepesi na huvutwa na gari dogo, na bei yake huwa ya chini. Kasoro yake ni kwamba turubai likikunjwa likiwa bichi huota ukungu, kwa hiyo mkiondoka katika mvua mtalazimika kuifungua tena nyumbani hadi ikauke. Karavani ya kuta ngumu imejengwa ama kwa bati la alumini juu ya fremu ya mbao, ama kwa tabaka za fibaglasi na povu zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Ipo na aina ya tatu, ya ganda la fibaglasi lililomiminwa vipande viwili vikaunganishwa kama nusu mbili za yai. Hiyo ina maungio machache na huvuja kwa nadra, na ndiyo maana haipatikani kwa bei nafuu.

Kuhusu vitanda, hesabu idadi ya watu wanaoweza kulala bila meza kuvunjwa. Tangazo likisema karavani inalala watu sita, kwa kawaida wawili kati yao watalala juu ya meza iliyoshushwa, na hakuna atakayekaa kunywa chai hadi waamke. Ingieni nyote, mfunge mlango, mkae nusu saa. Tandikeni vitanda vyote kama usiku umeingia, kisha mmoja wenu ajaribu kwenda chooni. Vitanda vya dabodeka navyo vina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye kibandiko. Mtoto wa miaka saba ambaye leo analala juu kwa raha atakuwa amekizidi kabla hamjamaliza kuifaidi karavani hiyo.

Maji

Sehemu hii ni ndefu kuliko nyingine kwa sababu maji ndiyo yanayoua karavani nyingi, nayo huua polepole na kwa siri. Nyumba ya kawaida imesimama mahali pamoja, lakini karavani hutikisika kwenye kila shimo la barabara, na kila mtikisiko hulegeza maungio yake. Ufa mwembamba kama unywele kwenye gundi ya paa hupitisha matone machache kila mvua inaponyesha. Matone hayo hayaonekani ndani kwa sababu hushuka katikati ya kuta, yakailowesha mbao ya fremu, na doa likija kujitokeza ukutani uozo una umri wa miaka kadhaa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wameona karavani, ila mnunuzi wa karavani ndiye anayelipia huo ukuta.

Siku bora ya kwenda kuikagua ni siku baada ya mvua. Omba madirisha yawe yamefungwa kabla hujafika, ufungue mlango mwenyewe, na uvute pumzi kabla ya kusema neno. Harufu ya ukungu haifichiki kirahisi, na ukikaribishwa na manukato makali au madirisha yote yako wazi siku ya baridi, jiulize ni nini kinachofukuzwa. Baada ya hapo toka nje, maana ukaguzi huanzia juu na kushuka chini kama maji yenyewe yanavyoshuka.

Panda ngazi utazame paa bila kulikanyaga, kwa sababu mapaa mengi hayakujengwa kubeba mtu. Fuata kila ungio: ukingo wa mbele na wa nyuma, matundu ya hewa, bomba za kupumulia, paneli ya sola kama ipo. Gundi ya kuziba inatakiwa kuwa nzima na yenye kunyumbuka kidogo. Ikiwa imepasuka kama tope lililokauka, maji yana njia. Silikoni iliyopakwa tabaka juu ya tabaka ni dalili mbaya zaidi ya gundi iliyochoka, kwa kuwa inaonyesha mwenyewe amekuwa akipambana na mvujo kwa muda mrefu, na tena gundi nyingine haishiki vizuri juu ya silikoni, hivyo atakayetengeneza atalazimika kuikwangua yote kwanza.

Ukishuka, simama pembeni ya karavani, shavu lako likiwa karibu na ukuta, utazame urefu wake wote dhidi ya mwanga. Ukuta wa fibaglasi unapaswa kunyooka. Ukiona mawimbi au sehemu iliyotuna kama malengelenge, tabaka zake zimeachana kwa sababu maji yameila gundi, na ukarabati wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kwenye kuta za alumini tafuta matundu madogo kama ya pini na unga mweupe, hasa sehemu za chini na kuzunguka madirisha.

Ndani, usipoteze muda katikati ya kuta. Nenda kwenye kona. Fungua kila kabati la juu umulike tochi kwenye pembe zake za nyuma. Inua magodoro na mito ya viti. Tazama chini ya dirisha la mbele, pembeni mwa tundu la hewa la dari, juu ya magurudumu, na kizingiti cha mlango. Tumia kidole gumba kubonyeza badala ya kuamini macho, kwa sababu rangi na karatasi ya ukutani hufunika doa lakini haziwezi kuufanya ubao uliooza uwe mgumu. Tembea polepole sakafuni ukikanyaga kwa kisigino, hasa mbele ya mlango, ya choo na ya sinki. Sakafu inayobonyea inakusimulia habari ambayo muuzaji hakukusudia kuisema. Skrubu zenye kutu ndani ya kabati zinasema vivyo hivyo.

Mita ya unyevu yenye pini mbili haina bei kubwa, na kwa ukaguzi huu inajilipa. Pima kwanza sehemu unayoamini ni kavu, kama katikati ya kabati la ndani, kisha ulinganishe na kona. Mbao chini ya asilimia 15 kwa kawaida ni kavu. Kati ya 15 na 20 pana jambo la kufuatilia. Zaidi ya 20 maji yanaingia. Na ikipita 30, uwezekano mkubwa ni kwamba mbao imeanza kuoza. Pini zinaacha vitundu vidogo, kwa hiyo omba ruhusa, na utazame uso wa muuzaji anapojibu.

Si kila doa ni sababu ya kukimbia. Doa la zamani, kavu, gumu, lenye stakabadhi ya fundi na picha za kazi ilivyofanyika, lisikuzuie kununua, bali lipunguze bei. Ila kona iliyolainika, au sehemu moja iliyopakwa rangi mpya huku nyingine zikiwa na rangi ya zamani, mimi siijadili tena. Fundi hawezi kukuambia gharama ya kuitengeneza hadi aufungue ukuta, na akishaufungua huna tena uhuru wa kughairi.

Chini ya sakafu

Lala chini na tochi. Kutu ya juujuu kwenye chesisi ni ya kawaida, lakini kutu inayobanduka vipande kama magome ya mti, au mstari wa ufa karibu na mahali palipochomelewa, ni jambo la kumwonyesha fundi wa kuchomelea kabla ya kutoa hata senti. Jihadhari na chesisi kuukuu iliyopuliziwa rangi nyeusi juma lililopita.

Tairi za karavani humdanganya mnunuzi kwa sababu zinazeeka kabla ya kuisha. Karavani inaweza kusimama miezi kumi kwa mwaka, meno ya tairi yakabaki marefu huku mpira wake ukipasuka juani. Tafuta kwenye ubavu wa tairi namba ya tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa na zaidi ya miaka mitano hadi saba, zihesabu kuwa ni za kubadilisha hata zikionekana mpya, na usisahau ya akiba. Tairi ya karavani ikipasuka kwa mwendo haishii kuwa pancha, kwani vipande vyake huchana sakafu, bomba na waya zilizo juu yake. Ikiwa tairi moja imelika upande mmoja tu, shuku ekseli iliyopinda au springi iliyochoka.

Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono na usikilize. Mlio wa kukwaruza, au gurudumu linalocheza ukilishika juu na chini na kulitikisa, maana yake ni beringi. Beringi zinatakiwa kufunguliwa na kupakwa grisi upya kama mara moja kwa mwaka, na usipopata ushahidi kwamba zimefanyiwa hivyo, ifanye kuwa kazi ya kwanza baada ya kununua.

Breki ni za aina mbili. Katika karavani nyingi za Ulaya pua ya trela hurudi ndani gari linapopunguza mwendo, na msukumo huo ndio unaokaza breki. Za Marekani kwa kawaida ni za umeme, na haziwezi kufanya kazi bila kidhibiti maalumu kufungwa ndani ya gari lako. Jua ni ipi kabla ya kukubaliana bei. Angalia pia kama kiungo cha trela kinalingana na tufe la gari lako, yaani kirungu cha chuma cha mviringo ambacho kiungo hicho hukishika: Ulaya ni la milimita 50, na Marekani huwa la inchi 1 na 7/8, inchi 2 au inchi 2 na 5/16. Tufe dogo kuliko kiungo huweza kuchomoka barabarani. Plagi ya taa nayo hutofautiana, na inayoonekana mara nyingi ni ya pini 7 au 13.

Gesi, umeme na friji

Hapa pia pana mtego, ila ni wa aina nyingine: mnunuzi hukimbia karavani nzuri kwa sababu friji haifanyi kazi. Kifaa kilichokufa kina bei inayojulikana, nawe unaikata kwenye bei ya muuzaji.

Mwombe muuzaji awashe friji jana yake. Nyingi zinapoza kwa njia ya joto la gesi au umeme na hazina kompresa, kwa hiyo huchukua saa nyingi kupata ubaridi na huhitaji karavani isimame ikiwa imelala sawa. Akikuambia kwamba itapoa baadaye, rudi itakapokuwa imepoa. Harufu ya amonia au unga wa manjano nyuma ya friji ni alama ya mfumo uliopasuka, na huo haujazwi upya kama friji ya nyumbani.

Mivujo ya gesi hutafutwa kwa maji ya sabuni yaliyopakwa kwenye viungio, kamwe si kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, ndiyo maana king'ora chake huwekwa karibu na sakafu. Geuza king'ora hicho na kile cha hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi usome tarehe nyuma yake, kwa sababu vyote viwili huisha muda, vingi katika miaka mitano hadi saba. Hivi havingoji mshahara ujao. Vinunue kabla ya mtoto yeyote kulala humo.

Jaza tangi maji, washa pampu, fungua bomba moja kisha ulifunge. Pampu inapaswa kunyamaza. Ikinguruma kidogo kila baada ya dakika chache ilhali hakuna aliyefungua bomba, maji yanatoka mahali, na ni lazima uyatafute kabla ya kuondoka. Hita ya maji isiwashwe ikiwa tupu. Betri iliyopumzika saa kadhaa bila chaja ikisoma volti 12.6 au zaidi kidogo imejaa. Ikisoma karibu na 12.0 imebaki nusu au pungufu. Na karavani ikichomekwa kwenye umeme kipimo kinapaswa kupanda kuvuka 13, la sivyo chaja yake haifanyi kazi.

Karatasi, bei na barabara

Soma namba ya chesisi kwa macho yako kwenye chuma, si kwenye picha, na uilinganishe na hati ya umiliki tarakimu kwa tarakimu. Jina lililo kwenye hati liwe la mtu aliye mbele yako, na uhakikishe katika ofisi inayohusika kwamba hakuna mkopo unaoidai karavani hiyo wala taarifa ya wizi. Anayetaka malipo ya awali kabla hujaiona anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hata akiwa na sababu nzuri kiasi gani.

Bei nafuu ya kweli hupatikana kwa orodha, si kwa kulia shida. Andika ulichokiona: tairi mbili zimepitwa na muda, betri haishiki chaji, king'ora kimekwisha. Weka bei ya kila kimoja pembeni, kisha umwonyeshe muuzaji karatasi hiyo kwa adabu na unyamaze. Wengi walikuwa wanayajua na wanangoja tu kuona kama utayaona. Kama huna uzoefu kabisa, mlipe fundi wa karavani aje kuikagua. Hata akikuambia usiinunue, ada yake ni ndogo kuliko ganda bovu.

Usilipe kabla ya kuivuta kwa gari lako mwenyewe. Zunguka dakika ishirini, ukiwa na mteremko mmoja na sehemu ya mwendo wa kasi, kisha usimame na kugusa vitovu vya magurudumu kwa nyuma ya mkono. Vikiwa na uvuguvugu unaolingana ni sawa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki yake inang'ang'ania au beringi yake inakwisha. Ikiwezekana kupita kwenye mizani ya malori, ipitishe, nawe utaujua uzito halisi badala ya ule wa tangazo.

Safari ya kwanza iwe ya karibu, usiku mmoja au miwili, mahali ambapo mkikosa kitu mtarudi nyumbani kabla ya giza. Weka daftari juu ya meza, na kila mtu aandike kinachovuja, kinacholia au kinachokosekana. Magurudumu yakiwa yamefunguliwa kwa ajili ya tairi au beringi, kaza tena nati zake kwa spana ya kipimo (inayoonyesha nguvu ya kukaza) baada ya kilomita 15, kisha baada ya 40, kisha baada ya 80, kwa kuwa hulegea kidogo kadiri rimu inavyokaa mahali pake.